Swala wa Tatu

Wasike alirudishwa nyumbani kwa bodaboda, amebanwa katikati ya mwenye pikipiki na jirani yake Bethwel, kichwa kimefungwa bendeji ya zahanati na mkono umeshika mbavu. Edinah alikuwa ameshapata habari. Ndabibi habari huwa na miguu mirefu kuliko gari lolote, na hii ilimkuta jikoni akikata sukuma. Alitoka mbio mpaka barabarani na kisu mkononi, na alipomwona mumewe anashuka kwa miguu yake mwenyewe, hasira zilimjia kabla ya shukrani.

"Baba Natasha! Si ni wewe husema huwezi kugonga mnyama?"

"Walikuwa watatu," Wasike akajibu.

"Shukuru Mungu, mama Natasha," Bethwel akasema, akimshika Wasike bega asiyumbe. "Mimi ndio nilimtoa kwa gari. Nilikuwa kazini pale kwa geti ya tajiri nikasikia puu! Kufika, swala amelala chini, gari imeingia kwa mtaro, na huyu mtu anauliza kama mikebe ya maziwa imeharibika. Swala mwenyewe alikata roho hapo hapo."

Edinah aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mawili. Wakati huo hakuyatilia maanani. Alikuwa anaitazama damu kwenye kola ya shati na kuwaza jinsi atakavyolitoa lile doa.

Katika barabara inayotoka Ndabibi kuzunguka ziwa hadi Naivasha, Wasike alikuwa dereva wa kuchekwa kwa sababu ya uangalifu wake. Aliendesha pikapu ya Mzee Kinyanjui wa Lanet, kule Nakuru, akipeleka maziwa ya wakulima asubuhi na jioni. Jua likianza kuzama, swala na punda milia huvuka barabara kufuata maji na majani, na madereva wengine huwapigia honi na kukanyaga mafuta. Wasike akimwona mmoja alisimama kabisa. "Akivuka mmoja usifurahi," alikuwa akiwaambia vijana wa bodaboda. "Nyuma yake kuna mwenzake. Ngoja huyo wa pili. Na akikuingilia ghafla, shika breki, usikate kona. Ukigonga swala, swala atakufa wewe uishi. Ukigonga mti, ni mti utaishi."

Jioni hiyo alisimama kama kawaida yake. Wa kwanza akavuka. Akamngoja wa pili, naye akavuka. Akatia gia akaondoka, na wa tatu akaruka kutoka kushoto, upande ambao taa ya gari ilikuwa imekufa tangu kabla ya Pasaka. Wasike alishika breki, hakukata kona, akamgonga. Ndipo gurudumu la mbele likateleza kwenye kokoto na gari likaingia mtaroni lenyewe.

Kabla ugali haujaiva, Fancy, mke wa Bethwel, aliingia na sufuria iliyofunikwa kwa sahani. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima.

"Pole sana, mama Natasha. Mgonjwa anataka supu. Mpikie."

Edinah akafunua. Nyama ilikuwa nyekundu iliyokolea, haina mafuta hata ya kupaka kidole, na ilikatwa haraka haraka na mtu ambaye si wa bucha.

"Mmechinja?"

"Tumechinja," Fancy akasema, na macho yake yakaenda kwenye moto.

Kama unataka kujua ikiwa Edinah alijua, alijua, kisha akafanya kazi ya kutojua. Alijua mbuzi wa Bethwel wote ni majike wenye kunyonyesha, na hakuna mwenye akili anayechinja hao. Alijua pia kwamba mnyama wa porini ni wa serikali hata akiwa amekufa kwa kugongwa, na kwamba ukikutwa na mguu wake kwenye sufuria hakuna kubembelezana, ni kortini. Lakini Natasha alikuwa ameshaegemea mlango akinusa, na mdogo wake ameshachukua bakuli. Tena sufuria ya jirani aliyemtoa mumeo kwenye gari hairudishwi ikiwa imejaa. Hayo ni matusi. Akaiosha nyama, akaitia kitunguu na chumvi, akaifunika.

Wasike alitafuna kipande kimoja, akaacha kutafuna.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwa kina Fancy."

Akaweka kijiko chini. Watoto walikuwa wakimtazama, midomo inang'aa mchuzi. Akakichukua tena kijiko, akamaliza bakuli. Iliyobaki, Edinah aliipaka chumvi na kuitundika juu ya moto ikauke kwa moshi, kama mama yake alivyokuwa akifanya kule Bungoma.

&nbsp;

Mzee Kinyanjui alifika kesho yake kutoka Lanet pamoja na makanika wake, Ndegwa. Hakupita nyumbani kumjulia hali mgonjwa. Alienda moja kwa moja mtaroni kuliona gari, na Wasike akalazimika kujikokota hadi huko akiegemea bega la mkewe. Watu walikuwa wameshakusanyika. Mzee alikuwa ameinama mbele ya pikapu, miwani imeshuka puani, akilitazama boneti lililoinuka upande mmoja kama mfuniko wa sufuria inayochemka.

"Habari ya asubuhi, mzee," Wasike akasema.

"Unasema ni swala."

"Ni swala, mzee."

"Ndegwa, unaona manyoya?"

Ndegwa akapitisha kiganja kwenye bampa, juu na chini. "Hapana. Iko safi. Ni kama imepanguzwa."

"Damu?"

"Hakuna."

Kinyanjui akatembea hadi katikati ya barabara. Mchanga ulikuwa mpya, umetandazwa vizuri. Akaupiga teke kidogo kwa ncha ya kiatu, akawageukia watu. "Kwa hivyo huyu swala amegongwa, amekufa, halafu ameamka amejizika. Hiyo ni swala ama ni mchawi?"

Watu wakacheka. Edinah aliwatazama mmoja mmoja, na kati ya waliocheka aliona vidole ambavyo kucha zake hazijatoka damu sawasawa. Bethwel hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, anaitazama milima kana kwamba ameiona leo.

"Mzee, ile taa ya kushoto nilikuambia..."

"Taa inaingiaje hapa? Gari imeingia mtaro kwa sababu dereva amelala. Sema ulilala, tutaelewana. Mtu huchoka. Lakini usinifanye mtoto mdogo mbele ya watu."

"Sikulala, mzee."

"Basi nionyeshe swala."

Wasike hakuwa na swala wa kuonyesha. Alisimama na bendeji yake kichwani, mtu mzima, huku mtu anayempa kazi akinyoosha mkono kuudai ufunguo. Wasike aliutoa mfukoni akautia kwenye kiganja kile. "Jumamosi nitarudi," Kinyanjui akasema. "Ukikubali ulilala, nitafikiria kama nitakupunguzia safari ama nitakupumzisha. Ukikataa, kuna kijana wa Gilgil anangoja hii kazi."

Walirudi nyumbani polepole. Edinah hakuhitaji kuelezwa. Dereva aliyegonga mnyama hupewa pole. Dereva aliyelala hapewi hata mkokoteni wa punda, na habari hizo zingemtangulia mumewe kila pahali kuanzia Kongoni hadi Naivasha mjini. Wasike hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na jina la dereva asiyegonga, basi.

&nbsp;

Jioni Edinah alimfuata Bethwel getini kwa tajiri, mahali alipokuwa akilinda. Alikaribishwa kiti, akakataa.

"Bethwel, sitaki mambo mengi. Sema tu kile ulisema jana. Kwamba swala alikuwepo."

"Nitasema alikuwepo, sawa. Halafu mzee ataniuliza alienda wapi."

"Utasema hujui."

"Mama Natasha, mimi ni askari wa geti. Watu wa KWS, hao wa wanyama wa porini, wanapita hapa asubuhi na jioni, tunasalimiana. Nikisema kulikuwa na swala hapa mbele ya geti yangu, nani atabebeshwa huo mzigo?" Akashusha sauti. "Bwanako nilimtoa kwa gari na hii mikono. Hata ningeita nyumba kumi, hakuna mtu angetoka. Lakini swala sikuona."

"Nilikusikia na masikio yangu!"

"Nilikuwa na mshtuko. Mtu akiwa na mshtuko huongea."

Edinah akafungua mdomo ili amtukane. Kabla neno halijatoka, Fancy akachomoza kichwa kutoka kibanda cha askari, alikokuwa akimpakulia mumewe chakula. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililouma.

"Mama Natasha, ile sufuria yangu utanirudishia lini?"

Edinah alifunga mdomo. Alisema ataileta, akaaga, akaondoka. Njiani aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Mumewe alikuwa na shahidi mmoja tu duniani, na yeye Edinah alimkatia kitunguu.

Alipomwambia Wasike, mwanzoni Wasike alicheka, akajishika mbavu. "Kwa hivyo shahidi wangu ako kwa tumbo ya Ndabibi nzima."

"Na kwa yetu."

"Na kwa yetu." Akalala, akageukia ukuta. Baada ya kitambo, Edinah akidhani ameshasinzia, akamsikia anasema kwa sauti ndogo, "Edinah, pengine nililala."

"Hukulala."

"Pengine. Mtu hujuaje kama amelala?"

Afadhali angelia. Edinah alikuwa ameyavumilia maneno ya Kinyanjui, na kicheko cha watu, hata sufuria ya Fancy. Lakini kumsikia Wasike akianza kuiuza akili yake mwenyewe ili apate amani, hilo lilimshinda.

&nbsp;

Jumamosi wageni walifika mapema kuliko ilivyotarajiwa, mawingu yakiwa yametanda. Pikapu ilikuwa imenyooshwa nyundo kwa nyundo, boneti limefungwa waya, taa ya kushoto bado tundu jeusi. Kinyanjui aliingia na Ndegwa, akaketi kwenye kiti kizuri, akaweka ufunguo mezani mbele yake ambapo kila mtu angeuona.

"Hatukai sana, mama. Mvua inakuja."

"Hamwezi kutoka kwangu na njaa, mzee."

Kwao Edinah mgeni hatoki nyumbani na tumbo tupu, hata kama amekuja kukuvunjia nyumba. Kuku walikuwa wameshakwisha kwa ugonjwa wa kideri. Sukuma ilikuwepo, na unga. Edinah akanyoosha mkono juu ya moto. Kupitia mlango uliofunguka nusu, Wasike alimwona anachukua nini, akatikisa kichwa, akatikisa tena kwa nguvu zaidi. Edinah akamgeuzia mgongo.

Natasha aliwanawisha wageni mikono. Kinyanjui, kwa kuwa ndiye mkubwa, na ni mzee wa kanisa huko Lanet, alivua kofia akakibariki chakula kwa maneno marefu, akamshukuru Mungu kwa mikono iliyokiandaa, akamwomba awafunulie wote ukweli. Wakasema amina. Kisha akala, na alikula kwa raha. Nyama ile ya moshi ilikuwa imechemka hadi imelainika, na mchuzi umekolea.

"Hii mbuzi ni tamu," akasema, akifyonza mfupa. "Ni ya wapi?"

"Ni ya hapa tu, mzee."

"Mbuzi za huku zinakula majani ya maana. Sisi Nakuru tunauziwa mifupa na nzi." Akaongeza tonge, akapangusa sahani kwa ugali mpaka ikang'aa. Ndegwa naye alikuwa hana habari na mtu.

Aliposhiba, Kinyanjui akauchukua mfupa wa mwisho, akaushika katikati ya vidole viwili, akamgeukia Wasike. "Sasa. Mimi si mtu mbaya. Nataka neno moja tu. Ulilala ama hukulala?"

Wasike alikuwa akitazama meza. Edinah aliyaona mabega yake yakishuka, akaona midomo yake ikijipanga kwa neno lile, na akajua kwamba likishatoka halitarudi.

"Mzee," akasema, "uliuliza swala alienda wapi."

"Niliuliza. Na sikujibiwa."

"Huyo umemshika."

Ndegwa alikuwa na tonge shavuni, akaliacha huko huko.

"Manyoya walipanguza na kitambaa," Edinah akaendelea, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko moyo wake. "Damu wakaifunika na mchanga. Wakagawana. Sisi tuliletewa pole, nikapika, watoto wangu wakakula. Makosa ni yangu. Lakini bwanangu hakulala. Ulisema akuonyeshe swala, na sina kitu ingine ya kukuonyesha. Ni hiyo mfupa imebaki."

Kinyanjui akauweka mfupa pembeni mwa sahani, taratibu, kana kwamba ungeweza kumshtaki. "Mama, unajua hii ni kesi?"

"Najua, mzee. Ni kesi yetu sote. Na sahani yako ndiyo safi kuliko zote."

Ndegwa akapaliwa. Natasha akakimbia kuleta maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wahenga walivyosema. Hawakusema mgeni mwenyewe ataponaje. Mzee Kinyanjui aliitazama sahani yake, akautazama mlango, akamtazama Ndegwa ambaye sasa machozi yalikuwa yanamtoka. Mwisho wa yote akamtazama Wasike, na kwa mara ya kwanza tangu ajali akamtazama kama mtu anayetaka kujua.

"Walikuwa wangapi?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Wasike akainua kichwa.

"Watatu, mzee. Wa kwanza nilimsimamia. Dume, pembe zimepinda hivi. Nikangoja wa pili, akapita. Nikahesabu kidogo. Nikatia gia ya kwanza, sikuwa nimefika hata ya tatu. Huyo wa mwisho alikuwa kwa majani, upande wa kushoto, sikuona hata macho yake. Macho yao hung'aa taa ikiwapiga. Yeye hakung'aa."

"Upande wa ile taa."

"Wa ile taa, mzee."

Mvua ikaanza kugonga mabati. Edinah alitoka akaenda jikoni, akasimama karibu na moto, akalia, kanga mdomoni ili wasimsikie. Hakulia kwa huzuni. Alikuwa amemsikia mumewe akisema "sikuona" na "nikangoja" kwa sauti ya mtu anayejua alichokifanya.

Aliporudi, Kinyanjui alikuwa amesimama, kofia kichwani. Ufunguo ulikuwa umesogezwa hadi upande wa Wasike.

"Taa Ndegwa ataweka Jumatatu," mzee akasema. "Kazi ni yako. Lakini tuelewane hapa, sisi watu wa hii meza. Swala hakuwepo. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kuitwa kortini kwa sababu ya mchuzi. Mtu akiuliza, ulilala, na mimi nimekusamehe."

Wasike aliutazama ufunguo. Ulikuwa umepata alama ya mafuta ya kidole cha mzee.

"Sawa, mzee," akasema, akauchukua.

Edinah alikuwa amedhani atafurahi. Aliosha vyombo vyote, akaisugua sufuria ya Fancy kwa majivu hadi ikawa nyeupe kuliko ilivyokuja, akairudisha jioni hiyo hiyo. Fancy akashukuru.

&nbsp;

Wakamwita Usingizi. Jina lilianzia kwenye kituo cha maziwa, likahamia kwa watu wa bodaboda, na kabla ya mwezi kwisha hata watoto wa shule walikuwa wanalijua. Wasike alilichukua kama mtu anavyochukua baridi ya Julai, anainua kola na kuendelea. Walioliita kwa sauti zaidi walikuwa wale wale waliokula. Edinah aliwaelewa, lakini hakuwasamehe, na hayo mawili yalikaa pamoja ndani yake bila kugombana.

Jioni moja alipanda pikapu Naivasha baada ya kumnunulia Natasha viatu vya shule. Taa ya kushoto ilikuwa mpya, inapiga mbali kuliko ya kulia, na barabara ilionekana imeinama upande mmoja kwa mwanga. Karibu na lile geti Wasike akapunguza mwendo, akasimama. Dume akatoka majanini, akavuka. Akaja wa pili. Akaja wa tatu, akasita katikati ya barabara akiwatazama, akaruka akaenda zake.

Wasike hakutia gia. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na macho yake kwenye majani ya kushoto, akimngoja wa nne. Nyuma yao lori likasimama, kisha pikipiki, kisha nyingine. Honi zikaanza.

"Wee Usingizi! Amka twende!"

Edinah aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya Bethwel, aliyekaa nyuma ya pikipiki akielekea kazini. Watu wakacheka gizani. Akauona mkono wa mumewe unashuka kwenye gia, unasita hapo.

Edinah akauweka mkono wake juu ya ule wa Wasike.

"Lala tu, baba Natasha," akamwambia. "Lala kidogo."